Simba au Yanga ikija Kirumba, mgeni ni nani?

Hoja iliyo mezani ni hii: mkazi wa Mwanza anayevaa jezi nyekundu au ya kijani na kwenda Uwanja wa CCM Kirumba kuishangilia Simba au Yanga za Dar es Salaam dhidi ya Pamba Jiji, timu ya hapa, je, anausaliti mji wake? Waliotangulia kuchangia wamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba timu inayolelewa na Halmashauri ya Jiji, ambayo mapato yake yanatokana na ushuru na ada tunazolipa sote, ina haki ya kudai sauti zetu walau kwa dakika tisini. Wapo wanaojibu kwamba mpira hauna mkoa, na kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mtu kubadili timu kwa sababu tu amepanga chumba Nyakato au Igoma. Mimi ni shabiki wa Pamba, na kwa maoni yangu pande zote mbili zinagombania moyo wa mtu, jambo ambalo halijawahi kuamuliwa kwa hoja, huku jambo linaloweza kuamuliwa kikaoni likiachwa bila kuguswa.

Tarehe 22 Novemba 2024 Simba ilikuja Kirumba ikaondoka na ushindi wa bao 1-0, penalti ya Leonel Ateba. Katika msimamo wa ligi huo ni ushindi wa ugenini, tena wa jasho, na shabiki wa Simba ana kila sababu ya kujivunia pointi tatu zilizopatikana kwa bao moja dhidi ya timu iliyokuwa na kiu ya kurudi Ligi Kuu kwa miaka 23. Sibishani naye. Ninachobishania ni mazingira ya mechi za namna hiyo, kwa sababu yeyote aliyewahi kukaa mzunguko, majukwaa ya tiketi za kawaida, siku Simba au Yanga inapokuja anajua kwamba anayecheza bila watu wake si yule aliyepanda ndege kutoka Dar es Salaam.

Anzia nje ya geti. Muuza jezi ametundika kamba nzima ya nyekundu, kamba nyingine ya kijani na njano, na jezi ya Pamba, kama anayo, imekunjwa chini kwenye turubai. Ukiiulizia anakutazama kwanza kuona kama unatania. Ingia ndani. Kipa wa nyumbani akichelewa kupiga mpira wa golikiki zikiwa zimebaki dakika kumi, anazomewa na watu anaopanda nao daladala kila siku. Kipa wa timu ngeni akifanya vilevile, anapigiwa makofi kwa ukomavu wake. Beki wetu akimgusa winga wao karibu na kumi na nane, uwanja mzima unanyanyuka kudai penalti, na mwamuzi, ambaye naye ana masikio kama sisi, anapaswa kuamua ndani ya sekunde moja huku sauti za maelfu ya watu zikimwelekeza upande mmoja. Tunasema mpira unachezwa uwanjani, nami nakubali, lakini kila kocha anayepanga hesabu za msimu huziweka pointi za nyumbani mbele kwa sababu anajua jukwaa lina kazi yake. Timu ya Mwanza inapokutana na vigogo haina msaada huo wa jukwaa, na mara nyingi jukwaa hufanya kazi dhidi yake.

Hata hivyo, siungi mkono neno "msaliti". Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na kwa miongo mingi kabla ya televisheni sauti pekee ya soka iliyofika Sengerema, Ukerewe na Magu ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtoto aliyekaa karibu na redio ya baba yake aliirithi timu kama alivyorithi jina la ukoo, na hakuna mtu anayeitwa msaliti kwa kubaki na jina la ukoo wake. Isitoshe, klabu zetu wenyewe hazikuwa na msimamo ulio tofauti sana na wa mashabiki: Toto Africans, Wana Kishamapanda, kwa miaka mingi ilihesabiwa mtoto wa Yanga, na hakuna aliyeshangaa sana.

Kuna sababu nyingine, na wanaopenda kulaumu hawaitaji. Kumbukeni Mbao, timu nyingine ya Mwanza. Tarehe 30 Aprili 2017 Mbao iliifunga Yanga bao 1-0 hapahapa Kirumba katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, ikaenda kucheza fainali na Simba Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, na ilipoteza kwa 2-1 baada ya kwenda hadi dakika za nyongeza. Mji ulikuwa umepata timu ya kujivunia. Mwaka huohuo Toto ilishuka daraja. Mwaka 2020 Alliance, nayo ya hapa Mwanza, ilishuka, na Mbao nayo ikashuka baada ya kushindwa na Ihefu katika mechi za mchujo. Pamba, bingwa wa Ligi ya Muungano (Bara na Zanzibar) wa mwaka 1990, ilikuwa bado inahangaika madaraja ya chini. Sasa mwambieni kijana aliyeikabidhi Mbao moyo wake mwaka 2017 kwamba ana deni kwa timu ya mji. Atauliza ni timu ipi, na atakuwa na haki ya kuuliza. Simba na Yanga hazijawahi kumwacha bila mechi ya kuangalia Jumamosi.

Kwa hiyo tuache kuhubiri uaminifu. Tuzungumzie viti.

Nchini Uingereza, katika Ligi Kuu yao, mashabiki wa timu ngeni hutengewa tiketi zisizopungua 3,000, au asilimia 10 ya viti iwapo uwanja ni mdogo, nao hukaa sehemu yao inayojulikana. Najua mtu atasema kwamba kule mgeni anasafiri na huku "mgeni" anaishi Pasiansi, na hivyo huwezi kumtambua kwa kitambulisho. Ni kweli, na ndiyo maana sipendekezi kumzuia mtu yeyote kuingia. Ninachopendekeza ni kwamba siku Pamba inapocheza na Simba au Yanga, sehemu nzima ya uwanja, tena iliyo nzuri, inayoelekeana na mabenchi ya wachezaji, itengwe kwa mwenye jezi ya Pamba au kadi ya uanachama, tiketi zake ziuzwe mapema na kwa bei ya chini kuliko za kwingineko. Kirumba inatajwa kubeba watu wapatao 35,000. Hata robo yake tu, ikikaa mahali pamoja na kuimba kwa pamoja, itasikika hadi Mwaloni. Tulivyo sasa, mashabiki wa Pamba tumetawanyika, wawili hapa, watano kule, kila mmoja amezungukwa na vuvuzela za wenzake wa mtaani, na mwishowe tunanyamaza ili tusionekane wakorofi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha, nalo linastahili kujibiwa kwa utulivu. Mapato ya mlangoni humwendea mwenyeji baada ya makato, na siku ambazo mlango unaleta fedha za maana ni zile mbili za Simba na Yanga. Kiongozi wa klabu yenye mishahara ya kulipa, akiambiwa apunguze bei kwa sehemu nzuri ya uwanja siku hiyo, ataona unamtania. Namwelewa. Lakini azitazame mechi nyingine za nyumbani msimu mzima, zile za mchana wa katikati ya wiki dhidi ya Tanzania Prisons au Namungo, ambapo unaweza kuchagua kiti na kingine cha kuwekea begi. Mchezaji anayezoea jukwaa tupu siku kumi na tatu na jukwaa la adui siku mbili hana nyumbani. Klabu inayowafanya Simba na Yanga kuwa mavuno yake ya mwaka inawafundisha wateja wake kwamba bidhaa iliyo dukani ni Simba na Yanga, kisha inalalamika kwamba hakuna anayenunua Pamba. Bei ikipanda mara mbili siku hizo, kama inavyotokea katika viwanja vingi nchini, anayebaki nje ni yule fundi wa Mabatini aliyekuja kwenye mechi ya Prisons. Huyo ndiye aliyepaswa kuingia wa kwanza.

Kuna mchangiaji aliyesema kwamba sauti ya jukwaa inakuzwa mno, kwa kuwa timu imara hushinda popote. Mfano wake ulikuwa Kagera Sugar, ambayo tarehe 19 Mei 2018 ilikwenda Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, siku Simba ilipokabidhiwa kombe la ubingwa mbele ya Rais Magufuli ikiwa haijapoteza mechi yoyote ya ligi msimu huo, na ikaifunga 1-0. Mfano mzuri, na kwetu wa Kanda ya Ziwa hautachuja upesi. Lakini unasaidia upande wangu. Kagera ilikwenda ikijua kwamba hakuna hata mmoja wa kuishangilia. Ilijipanga kwa ajili ya kelele za ugenini, ikakaa nyuma, ikangoja nafasi yake, na ikaitumia. Mchezaji anaweza kuandaliwa kwa uwanja wa ugenini. Kitu ambacho hakuna kocha anayejua kumwandalia ni kuzomewa na jirani yake nyumbani kwao. Hali hiyo ya pili inauma kwa namna nyingine kabisa, na nimewahi kuwaona wachezaji chipukizi wakitoka uwanjani wakiwa wameinamisha vichwa baada ya kupoteza kwa bao moja tu, mechi ambayo ingechezwa Mbeya wangeitazama kama kazi nzuri.

Kuna hali mbaya zaidi ya hii yetu, na watu wa Musoma wanaijua. Mwaka 2021 timu yao, Biashara United, ilishiriki Kombe la Shirikisho la Afrika, na mechi yake ya nyumbani dhidi ya Al Ahli Tripoli ikachezwa Dar es Salaam. Ilishinda 2-0, matokeo ambayo timu nyingi kubwa zingeyatamani, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa marudiano na kuondolewa mashindanoni. Timu ya pwani ya ziwa, iliyocheza nyumbani mbali na nyumbani, na mechi ya ugenini haikuicheza kabisa. Nalitaja hili kwa sababu baadhi yetu tunaongea kana kwamba jukwaa la nyumbani ni suala la hisia tu. Lina uhusiano wa moja kwa moja na uwanja, fedha na uongozi, na pale vitu hivyo vinapolegea, timu hupoteza hata mechi iliyokwisha kuishinda nusu.

Najua pia kwamba Kirumba si mali ya Pamba wala ya Halmashauri, bali ni ya chama, CCM, na kwamba Uwanja wa Nyamagana, ulio mikononi mwa Jiji, ni mdogo mno kwa mechi za vigogo. Hilo halizuii kupanga tiketi. Mwenyeji wa mechi ndiye anayepanga nani akae wapi na kwa bei gani, chini ya kanuni za ligi, na hilo halihitaji ujenzi wa ukuta wala fedha za serikali, isipokuwa uamuzi wa kukubali kupoteza sehemu ya mapato ya siku mbili. Uamuzi huo unaweza kujadiliwa katika kikao kimoja cha klabu kabla ya ratiba ya msimu kutoka.

Ningependa kusikia kutoka kwa ndugu zetu wa Bukoba waliokuwa wakienda Uwanja wa Kaitaba wakati Kagera Sugar ikiwa Ligi Kuu. Je, siku ya Simba au Yanga sauti iliyokuwa kubwa pale ilikuwa ya nani, na kama kuna mwaka ilikuwa ya kwenu, klabu ilifanya nini mwaka huo ambacho sisi hatufanyi? Na wale mtakaojibu kwamba mtaendelea kuvaa nyekundu au kijani Pamba inapocheza, semeni pia kama mngekubali kuhamia upande wa magoli ili sisi tukae pamoja.