Wanawake milioni 1.5 dhidi ya Walmart: mahakama ilifunga mlango, au walikuja wengi mno?

Mtoa mada: Wakuu, leo tubishane kuhusu kesi ya Marekani, maana waliofungua ni wauza duka.

Betty Dukes aliajiriwa Walmart, kampuni kubwa ya maduka, mwaka 1994, mji wa Pittsburg, California, kwa dola 5 kwa saa. Mama mweusi, mhubiri kanisani kwake. Alipanda kutoka keshia hadi msimamizi wa huduma kwa wateja, akashushwa, na mwisho akawekwa mlangoni kukaribisha wanunuzi. Mwaka 2001 yeye na wenzake wachache wakaishtaki kampuni: wanawake wanalipwa kidogo kuliko wanaume na vyeo wanapitwa. Mwaka 2004 jaji wa San Francisco akaruhusu iwe kesi ya pamoja ya wanawake wote waliofanya kazi kwenye maduka yale tangu mwisho wa 1998. Hapo ndipo ikafika hiyo milioni 1.5.

Tarehe 20 Juni 2011 Mahakama ya Juu ikaivunja, majaji watano kwa wanne. Jaji Scalia, kwa niaba ya wale watano, alisema sera ya kampuni kwenye maandishi inakataza ubaguzi, na mishahara inapangwa na kila meneja kwa akili yake, kwa hiyo hakuna gundi inayounganisha malalamiko ya watu wote hao. Jaji Ginsburg, kwa niaba ya wale wanne, akajibu kwamba kumwachia kila meneja aamue anavyojisikia ni sera tosha, na matokeo yake yanahesabika: wanawake walikuwa asilimia 70 ya wafanyakazi wa malipo ya saa, lakini kwenye uongozi asilimia 33 tu.

Kinachoniuma ni kwamba mpaka siku ile hakuna mahakama iliyokuwa imeamua kama Walmart ilibagua au haikubagua. Miaka 10 waligombea mlango tu. Dukes alifariki 2017. Mimi nasema mahakama ilikosea: mfanyakazi wa dukani akiambiwa aende peke yake, ameambiwa asiende. Karibuni.

Kibatari: Mkuu umetuwekea upande mmoja wa shilingi. Mbona hukusema kwamba kuhusu mishahara ya nyuma majaji wote TISA, Ginsburg akiwemo, walikubaliana kwamba njia waliyopita akina mama wale haikuwa sahihi kisheria? Wale watano kwa wanne walikuwa kwenye swali la gundi peke yake.

Na hilo swali lenyewe si dogo. Maduka 3,400. Meneja wa Texas hamjui meneja wa Maine. Humo kundini kuna aliyepunjwa kweli, kuna aliyelipwa sawasawa, na kuna mameneja wa kike waliokuwa wanapanga mishahara ya wengine. Nyie mnataka kampuni ijitetee vipi dhidi ya watu milioni ambao haitawahi kuwahoji mmoja mmoja? Kesi ya ukubwa huo ni mtutu wa bunduki: unalipa hata kama una haki, maana ukishindwa unafilisika.

Mpita Njia: Mnagombana kwa ajili ya Wamarekani, na kijana wa dukani Kariakoo hajawahi hata kuuona mkataba. Haya, endeleeni.

Binti wa Columbus: Nipo Ohio mwaka wa sita, nafanya kazi dukani (silitaji). Kibatari anaongea kama mtu ambaye hajawahi kupunjwa. Kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, mpaka kutumia mashine ya kadi, nikaja kugundua analipwa zaidi yangu. Nikatafuta wakili. Akanisikiliza vizuri, akaniuliza, "Kwa mwaka umepoteza kiasi gani?" Nikamtajia. Akatabasamu, akaniambia dada, hiyo hailipi hata wataalamu wa kukokotoa mishahara.

Halafu akaniomba makaratasi ya siku ya kuajiriwa. Siku ile nilikaa mbele ya kompyuta nikabofya "nakubali" mpaka kidole kikachoka. Kumbe mojawapo nilikubali kwamba nikiwa na dai lolote siendi mahakamani, naenda kwa mwamuzi binafsi, na niende peke yangu.

Wakili wa Kata: Dada, hapo ndipo penye mzizi, na ni pa zamani kuliko hukumu ya Walmart. Machi 2001, miezi michache kabla Dukes hajafungua kesi yake, Mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya mfanyakazi wa Circuit City, maduka ya vifaa vya umeme. Alidai ubaguzi, kampuni ikatoa fomu yake ya kuomba kazi: aliahidi kwenda kwa mwamuzi. Sheria yenyewe ya 1925, inayozipa nguvu ahadi za namna hiyo, haiwabani mabaharia, wafanyakazi wa reli na wafanyakazi wengine wa biashara kati ya majimbo. Kwa kura tano kwa nne wakasema hao "wengine" ni wa usafirishaji tu. Muuza duka akabaki amebanwa na ahadi yake. Mwaka 2018 wakamalizia: hata kipengele cha "peke yako" ni halali. Mwaka 2022 Bunge lao lilifungua dirisha kwa madai ya unyanyasaji wa kingono, ila mshahara na rangi havimo.

Na msichanganye na CMA yetu. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni chombo cha umma, hulipii kufungua shauri, na usiporidhika unaomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Kule mwamuzi anatokana na mkataba ulioandikwa na mwajiri, na mahakama inaweza kugusa uamuzi wake kwa sababu chache mno.

Mtoa mada: Kibatari, kuhusu wale tisa umenishika, nilipaswa kusema. Lakini jibu hili: wanawake wa Sterling Jewelers, wauza vito, nao walikuwa wamesainishwa uamuzi binafsi. Wakapambana kwenda kwa mwamuzi kwa pamoja tangu 2008. Mwaka 2022 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 175, kwa wanawake kama 68,000. Mmoja mmoja wangepata hiyo?

Kibatari: Chukua kikokotoo, mkuu. 175,000,000 gawanya kwa 68,000. Haifiki dola 2,600 kwa kichwa, baada ya miaka 14, na hapo mawakili hawajakata chao. Aliyeharibiwa maisha na aliyekaa miezi mitatu wote wamo kwenye sufuria moja. Dada wa Columbus, pole, nakuamini. Lakini nikiwa wakili wako nitakwambia dai lako ni zuri kuliko la kundi, kwa sababu una jina la kijana, una tarehe, una ushahidi.

Binti wa Columbus: Kaka, wakili mwenye jina, tarehe na ushahidi wangu ndiye aliyenifungulia mlango nitoke. Hiyo 2,600 ningeipokea kwa mikono miwili.

Wakili wa Kata, kuna mwenzangu kaajiriwa wiki iliyopita. Kwenye mkataba wake kuna mstari unasema ana siku 30 za kuandika barua ya kukataa kipengele hicho. Aandike?

Wakili wa Kata: Aandike leo. Abaki na nakala, na atume kwa njia inayompa risiti.