MREJESHO: Nordschleife kwenye gemu, hatimaye nimemaliza mzunguko

Wakuu, niliuliza namna ya kumaliza mzunguko wa Nordschleife, ile njia ndefu ya mbio za magari kule Ujerumani, kwenye gemu la mbio la Assetto Corsa bila kuishia vichakani, nikitumia usukani wa mtumba hapa Mtwara. Mlionishauri nichukue kigari cha nguvu ndogo na kujifunza kipande kwa kipande, asanteni. Njia ya kilomita 20.8 huwezi kuikariri kwa mkupuo.

Utamu uko kwenye kona ya Karussell. Unalitumbukiza gari kwenye ule mfereji wa zege upande wa kushoto, usukani unatetemeka mpaka meza inalia. Barabara halisi ilipimwa kwa leza ili kuiweka kwenye gemu, kwa hiyo mabonde yote yamo. Ukitoka mapema tu, gari linakurusha nje.

Karibu na kona ya Bergwerk, alikoungulia dereva wa Formula 1 Niki Lauda mwaka 1976, bado nafunga breki mapema mno. Formula 1 yenyewe haikurudi tena kwenye njia hiyo, mimi ni nani?

Mara ya kwanza nilipofika Döttinger Höhe, ule mnyoosho mrefu karibu na mwisho wa mzunguko, nikiwa mzima, umeme ukakatika. Nilicheka tu.

Sasa nataka Spa ya zamani, njia ya mbio ya Ubelgiji, ile ya kilomita 14. Nani ameijaribu?