Mboga za majani Ludlow: thabai, saumu pori na mnavu

Kutoka: Mgeni wa Ludlow

Shikamooni dada na kaka zangu. Nimehamia Ludlow, mji mdogo huku Uingereza, mwezi huu wa Mei kwa kazi ya kutunza wazee. Mchicha sijauona, majani ya maboga ndiyo kabisa, na nauli ya kwenda Birmingham kila wiki inanimaliza. Juzi, kando ya ukuta wa ninapokaa, nimeona mche kama mnavu. Nichume? Na nikichuma vya porini sitaitwa mwizi?

Kutoka: Dada wa ng'ambo ya mto

Marahaba mdogo wangu, karibu Shropshire. Huo mche uache, tafadhali. Mnavu unaota huku kweli, lakini kuna jamaa yake mwenye sumu kali, belladonna, anayependa kuota kwenye magofu na kuta za kale, na Ludlow hazipungui. Vikizaa utavitofautisha: mnavu hutoa vitunda vidogo kwa vishada, mwenzake hutoa kimoja kimoja, kikubwa, cheusi kinachong'aa, kimekalia nyota ya kijani. Mwezi huu hakuna tunda lolote la kukuonyesha. Mnavu panda wako mwenyewe.

Anza na thabai, ule mmea unaowasha ukiugusa, ambao ndugu zetu Wakikuyu huuponda kwenye mukimo. Huku umejaa kila kichochoro na hakuna anayeugombania. Vaa glavu za kuoshea vyombo, chuma ncha tu, majani manne au sita ya juu, mbali na njia wanakopitishwa mbwa. Ukishatoa maua, achana nao. Maji ya moto yanaumaliza muwasho wote. Mimi nauchemsha dakika tatu, naukamua, naukatakata, kisha kitunguu, nyanya na tui zito.

Cha pili ni saumu pori, inayotandaza kijani chini ya miti kando ya mto Teme kuanzia Machi. Mwezi huu inaelekea ukingoni. Hapa nakuomba unisikilize. Katikati yake huota lords-and-ladies, ndugu wa magimbi, lenye visindano vile vile visivyoonekana vinavyochoma mdomo na koo kama gimbi bichi. Usitegemee pua: vidole vikishanuka saumu, kila unachoshika kitanuka saumu. Aprili nilikuta jani lake moja ndani ya beseni langu, nimeshaosha, linanukia kama wenzake. Nilililinganisha dirishani. La saumu mishipa yake imenyooka sambamba kutoka shinani hadi nchani. Lile mishipa imesukana kama wavu. Tangu hapo nachuma jani moja moja, sifumbati.

Kuhusu wizi, usiwe na hofu. Sheria ya Wizi ya 1968 haimhesabu mwizi anayechuma majani, maua, matunda au uyoga wa porini, ilmradi hachumi kwa ajili ya biashara. Kung'oa mmea na mizizi yake bila idhini ya mwenye ardhi ndiko kosa, kwa sheria ya 1981 ya kulinda wanyama na mimea ya porini. Na penye kibao cha hifadhi, uliza kwanza. Uyoga mimi sigusi kabisa, hata nikiwa na mwenyeji.

Halafu nenda halmashauri ya mji ukajiandikishe kupata allotment, kile kishamba cha kukodi. Kipande kizima kwa kipimo cha zamani ni kama mita za mraba 250. Nusu yake inakutosha wewe na mboga zako. Foleni huwa ndefu, ndiyo maana nasema uende wiki hii.

Kutoka: Mgeni wa Ludlow

Asante sana dada. Jana jioni nilijaza mfuko mzima wa thabai, ukaiva ukawa bakuli dogo. Nimekula na ugali, nimelala nimeshiba. Mbegu za mnavu nazipata wapi?

Kutoka: Dada wa ng'ambo ya mto

Ninazo, pamoja na za maboga. Jumamosi nitakuwa sokoni Castle Square kabla ya saa nne asubuhi. Njoo na bahasha.