Ushauri: Mzee wa kisukari anakuja kunyolewa ndevu kila Jumamosi, nimhudumie vipi wakati huu wa korona?

Kiti cha Pili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Mimi ni kinyozi, huu mwaka wa tisa nashika mashine. Tuko watatu kwenye chumba kimoja chenye dirisha moja. Tangu korona iingie tumeweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, barakoa tunavaa, na mteja asiye nayo tunampa. Kwa nywele za kichwa sina wasiwasi sana. Kinachoninyima usingizi ni ndevu.

Nina mteja wangu, mzee aliyepita miaka 70, ana kisukari. Mikono inamtetemeka, wembe hawezi kuushika mwenyewe. Jumamosi iliyopita alivua barakoa, akaegemeza kichwa, akafumba macho kama anavyofanya siku zote. Uso wangu ulikuwa shibiri moja kutoka kwenye pumzi yake. Nikawaza: je, kama mimi ninao huo ugonjwa na sijijui? Mkono ukasita. Akafungua macho, "Vipi mwanangu, wembe butu?" Nikamwambia hapana mzee. Nikaharakisha nimalize, nikamkwaruza chini ya taya. Tone lile la damu linanisumbua mpaka leo.

La pili: mashine naipuliza spiriti, naifuta kwa kitambaa, namwita anayefuata. Inatosha? Mwenzangu yeye anawasha kabisa moto kwenye meno ya mashine. Naomba kuwasilisha.

Fundi Mkongwe

Mkuu, nianze na huo moto. Mwambie mwenzako aache leo hii. Chupa ya spiriti iko mezani, mteja kafunikwa shuka, nywele zimetapakaa sakafuni, halafu unawasha kiberiti? Na moto wenyewe unalegeza chuma, makali yanakufa mapema.

Kupuliza na kufuta papo hapo nako hakutoshi. Zima mashine, fungua meno, chukua brashi ndogo utoe nywele na mafuta yote yaliyoganda katikati. Uchafu ukibaki, dawa inaishia juu yake. Ndipo upulize spiriti mpaka meno yalowe, na uyaache yakae na unyevu dakika nzima. Yakikauka, tone la mafuta ya mashine, unaendelea. Mimi nina seti mbili za meno: moja inafanya kazi, nyingine inangoja zamu. Bila seti ya pili utajikuta unaruka hatua siku watu wakiwa wengi, nakuambia kwa uzoefu. Mapunye mengi tunayoyaona vichwani mwa watoto yanapita njia hiyo hiyo.

Kwa wenye lile sanduku la mwanga wa kuua vijidudu: mwanga unaua pale unapofika tu. Upande wa chini na katikati ya meno haufiki, kwa hiyo lisichukue nafasi ya kusafisha.

Muuguzi wa Zamu

Ndugu Kiti cha Pili, Fundi kasema vyema. Niongeze kwamba spiriti ya asilimia 70 inafaa kuliko ile kali ya 95. Maji yaliyomo yanaisaidia kuharibu kijidudu, na haikauki upesi. Kwa kiti na meza tumia klorini: ikiwa ya dukani ni asilimia 5, changanya kipimo 1 kwa vipimo 49 vya maji. Damu ikidondoka, kipimo 1 kwa 9. Tengeneza mpya kila siku, usiichanganye na dawa nyingine ya usafi maana inaweza kutoa hewa ya sumu, na usiipake kwenye meno, inakula chuma.

Wembe ni mpya kwa kila mtu, hata korona isingekuwepo. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi.

Sasa barakoa. Mei 2020, mjini Springfield, jimbo la Missouri, Marekani, wasusi wawili wa saluni moja walihudumia wateja 139 huku wao wenyewe wakiwa tayari na dalili za korona. Wasusi na wateja walikuwa na barakoa. Wateja 67 walikubali kupimwa, hakuna hata mmoja aliyekutwa na virusi. Lakini wasusi hao walikuwa wakikaa pamoja bila barakoa kati ya mteja na mteja, na wa pili aliugua baada ya wa kwanza. Kwa hiyo jiangalieni ninyi watatu mnapopumzika.

Ndugu Mtazamaji

Mimi nasema mzee akae nyumbani. Ndevu si ugonjwa.

Kiti cha Pili

Nakuelewa ndugu. Ila anaishi peke yake, na nadhani anayekaa naye nusu saa kwa wiki nzima ni mimi tu.

Muuguzi wa Zamu

Basi usimwache. Mnyoe nje, kwenye kivuli, hewa ikipita, akiwa mteja wa kwanza wa siku. Yeye atavua barakoa, wewe usivue, na ongeza ngao ya uso. Mazungumzo yasubiri mpaka avae tena, maana kuongea kunatoa matone mengi kuliko kupumua kimya. Wembe uweke kando, tumia mashine, acha vindevu vifupi. Kidonda cha mwenye kisukari huchelewa kupona na hushika usaha kirahisi. Na siku ukijisikia hata mafua tu, mpigie simu asije.

Mteja wa Kudumu

Niseme kama mteja. Sijui asilimia za spiriti, naangalia shuka. Nikiona nywele za mwenzangu kwenye shuka ninalofungwa shingoni, sirudi. Kinyozi wangu sasa ana shuka safi kwa kila mtu, anazungushia karatasi laini shingoni kwanza, ananawa nikiwa namwona. Akifika masikioni naachia kamba za barakoa naishika kwa vidole, anakata, narudisha.

Kiti cha Pili

Wakuu, mrejesho. Jumamosi nilitoa kiti nje saa moja asubuhi. Mzee alishangaa kidogo, nikamweleza yote, hata kile kilichonisitisha mkono. Nikamnyoa kimya kwa mashine. Alipovaa barakoa tukakaa mbalimbali tukaongea mpaka mteja wa pili alipofika. Mkwaruzo wa taya umekauka.

Kwa wenzangu ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu tunalipwa kwa kichwa na hakuna anayetaka kupoteza siku. Tumekubaliana hivi: atakayeanza kukohoa anabaki nyumbani, na wawili tunaobaki tunamkatia fungu lake kila jioni mpaka arudi. Yule wa moto nimemnunulia seti ya pili ya meno.

Fundi Mkongwe

Mkumbushe asisahau mafuta.