Fundi wa mwembeni kaniambia mbele ya gereji nzima "dada, tatizo ni MGUU WAKO"!!!

bintiwaCarina (mleta mada)

Wakuu naandika hivi mkoba bado uko begani, sijanywa hata maji. Fundi mnamjua. Yule wa Tabata, wa chini ya mwembe, mwenye bisibisi nyuma ya sikio. Simtaji jina na sina haja ya kumtaja maana nusu ya mliomo humu ameshawaachia nati mkononi akawaambia "hizi zilizidi". Leo kanisimamisha mbele ya watu, wateja wanaangalia, muuza mihogo anaangalia, ananiambia "Dada gari halina shida, shida ni mguu wako mzito."

MGUU. WANGU.

Gari ni Carina Ti ya 1998, injini 5A-FE, otomatiki, gari ya mzee imelelewa. Imeanza siku nyingi, asubuhi ukigusa pedeli ya mafuta ni ngumu, imegoma, unaongeza nguvu inaachia ghafla gari inaruka mbele. Nikampelekea akasema petroli ya siku hizi mbaya. Haya. Leo nashuka daraja la Kijazi pale Ubungo, naona taa nyekundu mbele, natoa mguu kwenye mafuta, resi haishuki! Mguu nimeutoa jamani, uko hewani, mshale umeganda elfu tatu na daladala imesimama mbele yangu inapakia na konda ananing'inia mlangoni hana habari kama nakuja kumzika. Nikatupa gia N, nikakanyaga breki mpaka nikasikia goti linalia, injini ikapiga kelele Ubungo nzima ikageuka. Gari iliposimama ndio nikazima.

Sasa huo mguu mzito uko wapi wakati mguu haukuwepo?!

Nikavutwa mpaka kwake. Hakufungua hata mpira wa hewa. Kachomeka mashine ya kupimia, kakunja uso, kaguna, kasema elfu 30 ya kupima. Gari ya waya hii! Pedeli inavuta waya, waya unavuta kipepeo (kile kibati cha throto kinachofungua na kufunga hewa ya injini), mashine ingesoma nini, ingesoma waya? Halafu ndio akaropoka ule upuuzi wa mguu, watu wakacheka mpaka mbuzi wa jirani akaacha kula maganda. Na hapohapo, na pumzi haijamtoka, anasema tena nitoe laki mbili na themanini aniletee throto bodi nzima ya mtumba. Mara mguu, mara throto bodi! Kama shida ni mguu si akaninunulie mguu mwingine pale Gerezani kwenye spea za mtumba?

Aliyeniokoa ni kijana wake anayejifunza kazi. Kachomoa waya pale kwenye throto, kaniambia dada kanyaga, pedeli nyepesi kabisa, inashuka na kurudi. Kashika kipepeo kwa mkono, KIMENATA. Kafungua mpira wa hewa, ndani kuna pete nyeusi ya kaboni imezunguka pale kipepeo kinapofunga. Dawa ya kusafishia, mswaki uliochoka, kitambaa. Kipepeo kikaanza kurudi chenyewe tak! tak! Na bosi wake badala ya kunyamaza akamfokea, "nani kakutuma?" Na elfu 30 akaichukua, ufunguo wangu uko mfukoni mwake nitafanyaje.

Tatizo ni mguu wako. Mbele ya muuza mihogo.

spana_kumi

Pole sana dada. Ila tuulize tu, ulikuwa umevaa viatu gani 😂😂

bintiwaCarina

@spana_kumi raba! Na hata ningevaa gunia kipepeo kingekuwa kimenata vilevile. Kumbe mko wengi.

mzee_wa_distribyuta

Huyo fundi namjua vizuri, aliwahi kuniambia gari yangu inakula oili kwa sababu naishi mlimani. Naishi Segerea.

Kijana kapima sawasawa, mlioko na gari za waya mshike hiyo njia. Injini imezimwa, chomoa waya kwenye throto. Pedeli ikiwa bado nzito, waya umeliwa ndani ya ganda lake au umekauka, au kapeti imepanda juu ya pedeli. Pedeli ikiwa nyepesi halafu kipepeo kinang'ang'ania, ni uchafu. Ule uchafu unatoka kwenye mvuke wa oili unaorudishwa na ile valvu ndogo ya PCV, unaganda kwenye ukingo wa kipepeo, ndio maana mbaya zaidi ni ule mguso wa kwanza asubuhi, kipepeo kimefungwa usiku kucha kinagandiana na ukuta. Angalia na springi ya kurudisha kama ina nguvu. Waya ukiona nyuzi zimeanza kukatika USIPAKE GRISI ukajidanganya, badilisha, uzi mmoja ukijikunja ndani ya ganda resi itabaki juu.

Kwenye 5A-FE valvu ya sailensa (resi ya gari ikiwa imesimama hujakanyaga mafuta) imefungwa chini ya hiyo throto bodi, nayo isafishwe, la sivyo mtarudi hapa kulia gari inazima kwenye foleni. Na sensa ya pembeni ya kipepeo msiilegeze skrubu zake.

kijana_wa_Kimara

Mzee umegusa kidonda. Mimi wangu aliona sailensa iko chini akakaza ile skrubu ya kuzuia kipepeo, ile ambayo kiwandani wameshaipima wakaiacha. Gari ikawa inapiga resi yenyewe, ukiweka D inataka kwenda bila wewe. Nikimwambia anasema "si ulitaka isizime?" Nataka kulia.

gari_la_mkopo

@kijana_wa_Kimara afadhali wewe, wangu aliweka pini ya nywele mahali pa springi. PINI YA NYWELE. Ya mkewe.

mama_Wawili

Mimi ni fundi na ni mwanamke na hilo neno la mguu nimelisikia mara nyingi. Mwanaume akileta gari resi imekwama wanafungua boneti. Mwanamke akileta wanaangalia miguu. Dada una haki ya kuwaka.

Na mlivyo wengi humu wa kupigapiga breki nawaambia, resi ikikwama usipigepige. Kipepeo kikiwa wazi upepo wa kuvuta bosta ya breki (ile inayousaidia mguu wako kukanyaga) unakuwa mdogo, ukikanyaga na kuachia mara mbili tatu umeumaliza, pedeli inakuwa jiwe. Kanyaga mara moja, kwa nguvu zote, usiachie, gia N. Injini ipige kelele tu, iache. Na ufunguo usiuchomoe gari ikiwa inatembea, usukani unajifunga. Dada alifanya yote vizuri na bado anaambiwa mguu, mimi mwenyewe nimepandisha presha.

bintiwaCarina

@mama_Wawili dada yangu umenifanya nilie. MBELE YA MUUZA MIHOGO.

OtisWaGrogan

Wueh poleni majirani. Huku Nairobi pale Grogan utaambiwa ni engine mzima imekufa, na ukirudi kesho utapata wameshauza side mirror zako ukinunua tena kutoka kwao.

msomaji_tu

Kapeti msiidharau. Agosti 2009 kule San Diego, Marekani, Lexus ES 350 pedeli ilinaswa na kapeti ya gari ya aina nyingine, watu wanne wa gari moja wakafa. Baada ya hapo Toyota wakarudisha mamilioni ya magari, mengine ya kapeti, mengine pedeli zenyewe zilikuwa zinanata. Kwa hiyo anayesema resi haikwami yenyewe akalale.

spana_kumi

Kwa hiyo dada vipi, ni raba za kamba au za kuvuta?

bintiwaCarina

WEWE. Lazima ni wewe huyo fundi. Unajificha humu. Nirudishie elfu 30 yangu.

dumu_la_maji

Mnalalamika mafundi, waosha magari je? Nimepeleka Corolla 110 yangu jana, nimewaambia injini futeni tu, kijana kafungua boneti kapiga maji ya presha mpaka distribyuta (ile inayogawa umeme kwenye plagi), gari imekaa pale mpaka magharibi inatingishika haiwaki. Ananiambia "bosi si imetakata?"

kijana_wa_Kimara

@dumu_la_maji kama ni wale wa njia panda, walinioshea mpaka redio.

mzee_wa_distribyuta

Fungua kifuniko cha distribyuta, futa ndani kwa kitambaa kikavu, kiache juani kidogo, itawaka.

bintiwaCarina

Jamani mada ni MGUU

gari_la_mkopo

Waosha magari wa njia panda waliniibia jeki na tairi la spea. Nani anajua wanafungua saa ngapi niwahi kabla hawajaiuza?

dumu_la_maji

Saa kumi na mbili asubuhi wapo. Mzee asante, imewaka ila inakohoa. @gari_la_mkopo nipitie na mimi kesho kwao nikuunge mkono, tuwe wawili.

spana_kumi

Mkipita niulizieni kuna mtu anauza throto bodi ya Carina