Mkunga mdogo kwenye tangi la lita 180: nimchukue yupi, na kifuniko ni lazima?

MgeniWaChumvi
Wakuu, habari za jioni. Nina tangi la maji ya chumvi la sm 90 x 45 x 45, kama lita 180 kabla ya mawe. Lina miezi saba. Nimepima sumu za uchafu wa samaki: amonia na nitriti ni sifuri, nitrati 15. Ndani wamo samaki wadogo wanne wa bluu wa matumbawe (sm 4 hivi kila mmoja), kangaja mmoja mchanga, na kamba wasafishaji wawili. Nataka kuongeza mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Muuzaji anao wawili: mmoja mweupe mwenye mabaka meusi na vidoa vya njano, sm 25, mwingine rangi ya chai ya maziwa mwenye madoa meusi makubwa, sm 30, na huyu bei yake ni nusu. Yupi anafaa? Halafu tangi liko wazi juu, taa inaning'inia. Ni lazima nifunike?

KasaMwamba
Wa nusu bei mwache hukohuko. Kwa maelezo yako nashuku ni Gymnothorax javanicus mchanga. Mtazame nyuma ya shavu: tundu la matamvua likiwa limezungukwa na baka jeusi, ndiye. Huyo anafika mita 3 na kilo 30. Sebuleni kwako hana mahali, na ukishamlea mpaka mita moja hakuna atakayempokea.

Mweupe ni Echidna nebulosa, ambaye wauzaji humwita snowflake. Hakikisha kwa pua: vile vibomba viwili vya mbele viwe vya njano. Ni samaki wa miamba yetu hii ya pwani, na meno yake ni butu, ya kuvunjia kaa na kamba, si ya kunasia samaki. Kwa hiyo kangaja wako atakuwa salama. Wale wadogo wa sm 4 siwezi kukuapia, hasa wakilala usiku karibu na shimo lake. Kamba wasafishaji wahesabu kuwa wameshaliwa. Hata akiwavumilia miezi miwili, siku wakijivua gamba na kuwa laini, ndiyo siku yao.

Mkunga huyu akifugwa nyumbani hufika sm 60 hadi 70. Tangi la sm 90 litamtosha kwa muda, kisha utataka la 120 x 45 x 50 kwenda juu. Kama huna mpango wa kubadilisha tangi, subiri Gymnothorax melatremus. Mwisho wake ni sm 26, mwili wa njano au kahawia, tundu la matamvua jeusi, jicho la bluu lililokatwa na mstari mweusi. Ni ghali maana huishi ndani kabisa ya matundu ya mwamba na kumkamata ni kazi, lakini lita 100 zinamtosha maisha yake yote.

FundiVioo
Kifuniko kwanza, mkunga baadaye. Mikunga wengi wa nyumbani hawafi kwa ugonjwa. Wanaokotwa asubuhi nyuma ya friji, wamekauka kama kamba ya katani. Na si kwamba wamechoka kuishi. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti ulioonyesha huyuhuyu Echidna nebulosa akitoka majini, akikamata chakula nchi kavu na kukimeza hapohapo bila kurudi majini. Kwake ukingo wa tangi ni mwamba tu wa maji kupwa.

Kanuni: kichwa kikipita, mwili wote umepita, na anaweza kutangulia kwa mkia. Wa sm 25 ana kichwa kama kidole chako, kwa hiyo pengo lolote la zaidi ya mm 5 ni mlango. Usitumie kioo kitupu, joto letu litapika tangi. Mwambie fundi wa madirisha akukatie fremu ya aluminiamu yenye wavu mgumu wa plastiki wa tundu la mm 5, ikae ndani ya ukingo, kisha ibane kwa klipu nne. Bila klipu ataiinua kwa kichwa. Ana nguvu kuliko unavyodhani. Panapopita nyaya na mipira ya maji, kata kipande cha plastiki kwa umbo lake. Usizibe kwa sponji, ataisukuma nje. Kama una tundu la maji kufurikia kwenye tangi la chini, nalo litie wavu.

Ukimkuta sakafuni usimtupe haraka. Kama ngozi bado ina ute, mrudishe majini karibu na jiwe la hewa, umpe saa nzima.

Mawe nayo. Yakae juu ya kioo cha chini moja kwa moja, mchanga umwagwe baadaye. Ukiyaweka juu ya mchanga atachimba chini yake na rundo litamwangukia yeye au kioo. Tia na bomba la PVC la inchi moja na nusu, urefu sm 30, wazi pande zote mbili, ulifukie nusu. Asiye na shimo usiku wa kwanza ndiye anayetafuta njia ya kutokea. Midomo ya pampu ifunikwe kwa kikapu au sponji, mkia hunaswa.

Bi_Mwani
Niongeze kwenye chakula. Akigoma kula wiki mbili za mwanzo usihangaike. Na kufungua na kufunga kinywa muda wote si ukali, ndivyo anavyopumua.

Mpe kamba mwenye gamba lake, kaa mdogo, ngisi. Kwa wa sm 25, vipande viwili au vitatu vya sm 2 kila baada ya siku tatu. Akikua, mara mbili kwa wiki. Macho yake ni dhaifu, anafuata harufu. Kwa hiyo shika kipande kwa koleo la plastiki la sm 30, kiweke mkondo unakotoka, kama sm 5 mbele ya pua, utulie. Utaona pua inaanza kucheza kabla kichwa hakijatoka. Vidole kamwe: ana taya za pili kooni, zinazokuja mbele kuvuta windo ndani, kwa hiyo akishakamata, ukivuta unajichana mwenyewe. Akikuuma, osha kwa maji mengi na sabuni. Kidonda kikivimba nenda hospitali.

Usimlishe kamba peke yake miezi yote, badilisha, na mara moja kwa wiki kipande ukiloweke kwenye vitamini yenye B1. Dagaa wa chumvi hapana. Mabaki yatoe ndani ya saa moja, kisha badilisha maji asilimia 15 hadi 20 kila wiki mbili, kwa sababu mlo wa mkunga unachafua kuliko samaki wako wote wakijumlishwa.

Jambo moja hujauliza: hana magamba, dawa ya shaba ya kuua vimelea vya samaki inamuumiza. Samaki yeyote mpya mtenge wiki nne kwenye chombo kingine, umtibu huko.

MgeniWaChumvi
Ahsanteni sana, mweupe basi, na kamba nampelekea jirani. Mchana maji yanafika nyuzi 29. Na umeme ukikatika usiku?

FundiVioo
Lenga nyuzi 24 hadi 27. Feni ikipuliza juu ya wavu inashusha mbili au tatu, ila maji yatapungua kila siku. Jazia maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi: yanayopaa ni maji, chumvi inabaki. Pima uchumvi (uzito wa maji yako ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi), uwe 1.024 hadi 1.026.

Umeme ukikatika, washa pampu ya hewa ya betri. Kosa la wengi ni kufungua wavu ili tangi “lipumue”. Wavu tayari unapitisha hewa. Mpira wa pampu upitishe kwenye tundu ulilolikata mapema, la saizi yake, ili gizani usiguse klipu hata moja.