Tupeane uzoefu: Uwakala wa safari ukiwa nyumbani, ulianzaje na tiketi unazitoa wapi?

Mkazi wa Mbezi (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za muda huu. Wengi wananifuata pembeni kuuliza kama mtu anaweza kuuza tiketi za ndege bila kupanga ofisi mjini. Anaweza. Ndiyo kazi yangu, na naipenda kuliko nilivyokuwa nimeajiriwa. Ila karibu wote wanaanza kwa kuuliza mtaji ni kiasi gani na ukurasa wa Instagram uweje. Mimi ningeanza na mawili: tiketi utainunua kwa nani, na pesa ya mteja itakaa wapi tangu anapoituma mpaka tiketi inapotoka?

Nilikuwa mkata tiketi kwenye kampuni ya watu pale katikati ya Dar. Huko ndiko nilikojua kutumia Amadeus, ule mfumo wa kompyuta wa kushikia nafasi na kutolea tiketi, kusoma masharti ya nauli, na kutofautisha nafasi iliyoshikwa na tiketi iliyotolewa. Nafasi iliyoshikwa ina muda wake, na ukipita mfumo unaifuta wenyewe bila kumpigia mtu simu. Bei nayo si yako mpaka tiketi itoke.

Nilipoondoka sikuhangaika na kusajiliwa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, maana dhamana ya kifedha wanayoitaka si ya mtu anayeanzia sebuleni. Nilikwenda kwa wakala mkubwa aliyesajiliwa tukaelewana: mimi naleta mteja, yeye anatoa tiketi na kunipa bei yake, mimi naweka ada yangu juu. Kamisheni ya mashirika mengi ya ndege siku hizi ni kidogo sana au haipo kabisa, kwa hiyo ada ya huduma ndiyo mshahara wako. Mwambie mteja wazi: nauli ni hii, ada yangu ni hii. Anayekasirika kwa kuambiwa ukweli angekuja kukasirika baadaye tu.

Sasa pesa. Tangu mwanzo nauli inaingia akaunti moja, ada inaingia nyingine. Aprili 2020 Tanzania iliposimamisha ndege za kimataifa kwa sababu ya corona, mashirika mengi yalitoa vocha badala ya kurudisha fedha. Simu zililia mchana na usiku. Kila mteja wangu alikuwa na maandishi yanayoonyesha ipi imekwenda kwa shirika na ipi iko kwangu. Ya kwangu niliirudisha, ya shirika nikaifuatilia barua kwa barua hadi ikapatikana vocha au fedha. Wengi wa watu wale bado nawasafirisha, na sasa wananiletea watoto wao wanaokwenda vyuoni.

Karibuni. Semeni ulianza na wateja gani, unatoa tiketi wapi, na jambo ambalo mtu hawezi kulijua mpaka aingie.

Bint Chumbageni

Assalaam alaykum. Mimi niko Tanga na kazi yangu ni Umra tu, ndege nyingine sigusi. Wateja wa kwanza walikuwa kina mama wa kikundi chetu cha kusaidiana. Walikuwa wanataka kwenda lakini wanaogopa kupotea njiani na kuogopa kudhulumiwa. Viza na tiketi vinapita kwa kampuni yenye kibali. Mimi nakusanya pasipoti, nahakikisha zina zaidi ya miezi sita mbele, nasimamia chanjo ya homa ya uti wa mgongo, kisha nakaa na watu wangu kuwafundisha safari yenyewe.

Msichokijua wengi ni kwamba njia ya ndege inabadilisha ibada. Mkifikia Madina kwanza, mtahirimia (kutia nia na kuvaa ihram, shuka mbili za ibada kwa wanaume) Dhul-Hulayfa kwa utulivu, mmeshaoga na kupumzika. Mkienda Jeddah moja kwa moja, miqati, yaani mpaka wa kuhirimia, mnaipita angani, kwa hiyo wanaume lazima wawe wamevaa ihram kabla, aidha nyumbani au kwenye uwanja wa kubadilishia ndege. Wakala asiyejua hili anauza tiketi nafuu inayompa mzee wa watu tabu kubwa akiwa juu ya mawingu. Mimi naiuliza kampuni njia kabla sijataja bei kwa mtu.

Jambo la pili ni hoteli. Usiandike "karibu na Haram", yaani Msikiti Mtakatifu wa Makka. Andika mita. Bibi wa miaka sabini hawezi kutembea kilomita moja na nusu kwenda na kurudi kila swala kwenye jua la Makka. Na kumi la mwisho la Ramadhani bei za vyumba zinapaa sana, kwa hiyo anayelitaka aanze kuweka akiba mapema. Nawaambia haya hata kama yataniondolea mteja.

Msimamizi wa Mizigo, Kariakoo

Mkuu, umefungua mada muhimu. Mimi nawakatia tiketi wafanyabiashara wa Guangzhou. Nilianza kwa sababu nilikuwa natoa mizigo bandarini na watu walewale walikuwa wananiuliza habari za safari.

Mfanyabiashara si mtalii. Mtalii anataka bei ya chini. Mfanyabiashara anafika kiwandani anaambiwa mzigo haujakamilika, arudi wiki ijayo. Tiketi isiyobadilishika inakuwa hasara kuliko ile aliyoiona ghali. Kwa hiyo namuuliza maswali matatu tu: unakwenda kuagiza au kusubiri mzigo utoke? Unarudi na kilo ngapi? Kuna mtu ameshakulipia hoteli? Akijibu, najua nimtafutie nauli gani. Kwenda anakwenda na begi tupu, lakini kurudi kilo zinahesabiwa moja moja, na begi la ziada ukililipia kwenye kaunta ya uwanjani mara nyingi ni ghali kuliko ukilinunua mapema.

Pia lazima uijue kalenda yao. Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya bidhaa pale Guangzhou, ni mara mbili kwa mwaka, yanaanza Aprili na Oktoba, na yana awamu tatu: mashine na vifaa vya umeme ya kwanza, vyombo na samani ya pili, nguo na vitu vya watoto ya tatu. Ukimpeleka muuza nguo awamu ya kwanza umemtia hasara ya nauli na ya hoteli. Na mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, viwanda vinafunga, wafanyakazi wanarudi kwao. Mtu akitaka kwenda wakati huo namzuia, namwambia subiri.

Dada wa Likoni

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa na sifanyi ndege za nje. Wateja wangu ni familia za Nairobi zinazokuja Diani shule zikifungwa. Leseni ya Tourism Regulatory Authority, mamlaka ya utalii ya Kenya, niliikata kabla sijaweka tangazo hata moja, na wanaoanza wasiiruke hatua hiyo.

Kinachouza kwangu ni lipa mdogo mdogo. Familia inaanza kulipa Agosti, Desemba inakuja kupumzika. Lakini amana yao haikai kwangu. Inaenda kwa till ya hoteli (namba ya kulipia kwa simu), kwa jina la hoteli, na mteja anapata ujumbe palepale. Mimi hoteli inanilipa kamisheni wageni wakishaondoka. Inachelewa, ndiyo, ila nalala.

Tiketi za treni za Desemba zinaisha upesi mno, basi zikifunguliwa mimi niko macho. Na stesheni iko Miritini, si mjini. Mwenye watoto na mabegi anayekwenda Diani mtafutie gari la kupita barabara ya Dongo Kundu, asisumbuke kwenye foleni ya feri. Mgeni akishushwa hotelini bila bughudha, mwakani anarudi na shemeji zake.

Kijana wa Mwanza

Asanteni sana wakubwa. Nimesoma kila neno. Nina maswali mawili. Usajili unaanzia wapi kwa sisi wa Tanzania? La pili, nimetangaza wiki hii tu na tayari kuna mama ameniletea mabinti watatu, anataka niwakatie tiketi na viza ya matembezi kwenda Ghuba, lakini kumbe wanakwenda kufanya kazi za ndani. Analipa vizuri. Nifanyeje?

Mkazi wa Mbezi

Mdogo wangu, la kwanza ni jepesi. Jina la biashara au kampuni ni BRELA, namba ya mlipakodi ni TRA, leseni ya biashara ni BRELA au halmashauri yako kulingana na aina ya biashara, na leseni ya biashara ya utalii tunayoiita TALA iko chini ya Sheria ya Utalii ya 2008. Ulizia mapema halmashauri kama anuani ya nyumbani wanaipokea, usije ukachapisha kadi kisha ukabadilisha.

La pili, usikate hizo tiketi. Viza ya matembezi si ya kazi. Kuwapeleka watu kazini nje ni biashara nyingine, ina mawakala wenye leseni ya serikali na mikataba inayoonekana.

Mama Muscat

Naongezea hapohapo, maana mimi naishi huku Oman na nawakatia tiketi jamaa wanaokwenda Unguja na Pemba kiangazi. Mabinti walioingia kwa viza ya matembezi nawaona. Wakikosana na mwenye nyumba hawana mkataba wa kuonyesha, pasipoti iko kwa mwingine, na siku za viza zikipita faini inahesabiwa juu yao. Wengine hunipigia mimi kuomba tiketi ya kurudi, na tiketi peke yake haiwatoi. Kijana wa Mwanza, ongea na hao mabinti wenyewe, mama asiwepo. Waulize kama wameona mkataba, jina la mwajiri na mshahara, na kama wanakuja huku Oman, kama wanajua ubalozi wa Tanzania uko hapa Muscat. Kisha uwape namba yangu, utaipata kwenye ujumbe wa faragha nikishakutumia usiku huu.